"Kwani Sindano Mmeacha Kudunga?" Dhana Potofu Kuhusu Wauguzi Wakuu na Sera za Afya

Nilipomwambia shemeji yangu wa Busia kwamba nakwenda kwenye mafunzo ya uongozi na sera za afya, aliuliza swali moja tu: "Kwani sindano mmeacha kudunga?" Hakuwa na ubaya. Huku kwetu Uganda ukishavaa sare wewe ni sista, au musawo, na kazi yako inajulikana. Sera ni za wakubwa wa Kampala, na zile kubwa zaidi ni za watu wa Geneva, yaliko makao ya Shirika la Afya Duniani. Maneno ya namna hii nimeyasikia kwa wagonjwa na kwa madaktari, lakini zaidi nimeyasikia kwa sisi wauguzi wenyewe, chumba cha chai, zamu ikibadilishana.

"Sera ni ya daktari, nesi anatekeleza"

Tuanze na chupa ya mofini, dawa ya maumivu makali. Daktari Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda mwaka 1993, na mofini ya unga ikawa inachanganywa na maji hapa hapa nchini, inatiwa rangi ili nguvu zake zisichanganywe, kisha inajazwa kwenye chupa mgonjwa akainywe nyumbani. Dawa ikawa rahisi. Kigumu kilichobaki ni saini. Sheria ilimtaka daktari aandike, na mgonjwa wa saratani yuko kijijini ambako daktari haonekani mwezi mzima. Anayefika ni nesi. Mwaka 2004 kanuni zikabadilishwa: muuguzi au afisa tabibu aliyesomea tiba shufaa, yaani kumpunguzia maumivu mgonjwa wa ugonjwa mzito, anaruhusiwa kuandika mofini ya kunywa. Uganda ilitangulia nchi nyingi, zikiwemo tajiri, kwa hilo.

Hapo hakuna dawa mpya iliyogunduliwa. Mgonjwa alilala usingizi kwa sababu ya mstari mmoja kwenye kanuni. Aliyeupigania kwa sauti kubwa alikuwa daktari, sikatai, ila hoja yote ilisimama juu ya mabega ya nesi: anafika, anaijua dawa, anaaminika. Anayebeba hoja kiasi hicho anaweza pia kukaa kwenye kiti na kuieleza mwenyewe.

Na wapo waliokaa. Sheila Tlou, muuguzi, alikuwa waziri wa afya wa Botswana kuanzia 2004 hadi 2008. Amelia Latu Afuhaamango Tuipulotu, muuguzi wa Tonga, alikuwa waziri wa afya kwao kabla Shirika la Afya Duniani halijamteua kuwa afisa mkuu wa uuguzi mwaka 2022.

"Ameongoza wodi miaka 20, afundishwe nini tena?"

Hii niliiamini mwenyewe. Nilikuwa matroni, kupanga zamu, kutuliza ndugu wa marehemu, kumkabili daktari kijana anayefoka, yote nilikuwa nayo. Siku moja nikaitwa kikao cha bajeti cha wilaya kueleza shida zetu. Nikasimama nikaeleza kwa uchungu: manesi wachache, wagonjwa wengi, tunaumia. Mwenyekiti akanisikiliza kwa heshima zote. "Pole sana sista, Mungu awabariki." Kisha wakaendelea na barabara. Barabara ilikuwa na ramani, kilomita na bei.

Kwenye mafunzo zoezi la kwanza lilinikumbusha aibu ile. Tulipewa kalamu na karatasi moja, ukurasa mmoja tu, na kuambiwa tuandike shida moja bila neno la malalamiko. Nikaandika hivi. Chukua wodi ya wagonjwa 40 na nesi mmoja wa usiku. Kupima joto, presha, mapigo na pumzi, kisha kuandika, ni dakika tano kwa mgonjwa. Wagonjwa 40 ni dakika 200. Kama vipimo vinatakiwa kila baada ya saa nne, yaani dakika 240, anabakiwa na dakika 40 katika kila mzunguko. Zamu ya saa 12 ina mizunguko mitatu, kwa hiyo ni saa mbili usiku kucha za kugawa dawa, kubadilisha dripu, kupokea wagonjwa wapya, kukimbilia anayetapika damu na kuandika ripoti. Basi faili ikionyesha kila kipimo kilichukuliwa kwa wakati, ama nesi ana mikono minne, ama faili inadanganya.

Hesabu hiyo haihitaji shahada. Niliishi ndani yake miaka 20 bila kuiandika. Kuongoza wodi ni kufanya kazi iende na kilichopo. Meza ya sera inabishania kile kilichopo: kiwe kiasi gani, kitoke fungu gani, nani ataguswa kikihamishwa, nani akubali kwanza kabla ya kikao. Ujuzi huo wa pili haupandi na cheo.

"Ni semina za posho tu"

Ziko za posho, tusidanganyane. Unasaini asubuhi, unakula kuku mchana, cheti saa kumi. Lakini usizichanganye na nyingine. Baraza la Kimataifa la Wauguzi lina programu ya uongozi tangu 1996 ambayo mshiriki anabaki kazini kwake na kujifunza kwa kutekeleza mradi wa palepale. Mwaka 2009 likaongeza nyingine, ya wauguzi wakuu wanaogusa sera za kitaifa na za kimataifa. Ukitaka kupima semina, uliza kama baada ya miezi sita kuna mtu atakayekudai kazi yako. Kama hakuna, ni kuku.

"Afya ya dunia iko Geneva"

Tarehe 30 Januari 2025 Uganda ilitangaza mlipuko wa Ebola ya aina ya Sudan. Mgonjwa wa kwanza kuthibitishwa, na alikuwa amekwisha kufariki, alikuwa nesi wa hospitali ya Mulago. Dunia nzima iligeuza macho, viwanja vya ndege vikaanza kupima joto, na habari yote ilianza na mtu wa kada yetu. Mlipuko wa Ebola wa Gulu mwaka 2000 ulikuwa vilevile: wauguzi walikufa pamoja na Dkt. Matthew Lukwiya wa hospitali ya Lacor. Kanuni za kimataifa za afya zinaandikwa mbali, ila swali la nani anavaa glovu ngapi na nani anamwona mgonjwa kwanza linajibiwa wodini. Muuguzi mkuu wa Mubende, kule ulikoanzia mlipuko wa Ebola wa 2022, ana mengi ya kuwaambia watu wa Geneva kuliko wao waliyonayo ya kumwambia yeye.

"Mkimfundisha, ataondoka"

Hapa kuna ukweli nusu, na siupuuzi. Mwaka 2015 zogo lilizuka nchini juu ya mpango wa kupeleka wahudumu wa afya zaidi ya 200 Trinidad na Tobago, hadi mahakamani. Wauguzi wanaondoka. Lakini wengi niliowaona wakiondoka walikuwa vijana wa wodini waliochoka na mshahara, hata semina ya uongozi hawajaiona. Isitoshe, kujadiliana juu ya nani aondoke na nchi inayomchukua ilipe nini ni sera: upo mwongozo wa kimataifa wa kuajiri wahudumu wa afya tangu 2010. Nani atauleta mezani kwa niaba yetu ikiwa hatujausoma? Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya 2025 inasema 66% ya nchi zina mipango ya kukuza uongozi wa wauguzi, ila kwa nchi za kipato cha chini ni 25% tu. Tunaogopa kupoteza viongozi ambao bado hatujawalea.

"Ukirudi na cheti, milango itafunguka"

Nilirudi na ukurasa wangu, hesabu za dakika 40 zimepigwa chapa vizuri, jedwali moja, ombi moja. Nikavaa kitenge kipya nikaenda ofisi ya mipango. Kijana wa pale akausoma wote, mara mbili, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kisha akatazama kalenda ukutani. Ulikuwa mwezi wa Mei. Bajeti ya nchi husomwa Juni, mwaka wa fedha unaanza tarehe 1 Julai, na mafungu ya wilaya yalikuwa yamefungwa zamani.

"Mama, hii ni nzuri sana," akasema. "Ungeileta Oktoba."

Nikamwachia nakala. Oktoba nilirudi na kitenge kilekile.