Kufunga akaunti ya mwanachama anayeondoka: maana yake na mipaka yake

Kufunga akaunti ya mwanachama anayeondoka ni utaratibu ambao jumuiya ya mtandaoni huufuata kuamua hatima ya haki zake za kuingia, taarifa zake binafsi na maandishi aliyoyaacha, pale anapojitoa, anapoondolewa au anapofariki. Wengi hudhani ni kazi ya kubonyeza kitufe kimoja, lakini mambo hayo matatu kila moja lina wenye haki zao, na jumuiya inayoyachanganya huishia ama kumdhulumu aliyeondoka ama kuwadhulumu waliobaki.

Tuchukue mfano wa wakulima wa zabibu wa Dodoma, wa Hombolo, Mpunguzi na Makutupora, wanaoulizana mtandaoni wakati wa kupogoa na namna ya kudhibiti ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu unaoacha unga mweupe kwenye majani. Mama mmoja ambaye kwa misimu mingi amekuwa akiwajibu wenzake anauza shamba, anahamia mkoa mwingine, kisha anaomba akaunti yake ifutwe.

Haki ya kuingia haina mjadala: iondolewe siku hiyo hiyo. Ikiwa alikuwa admini, amkabidhi mwingine usimamizi kwanza, na maneno ya siri aliyokuwa akiyatumia pamoja na wenzake yabadilishwe. Namba yake ya simu nayo itenganishwe na akaunti, kwa kuwa laini isiyotumika kwa muda mrefu hufungwa na namba yake kuuzwa kwa mtu mwingine, ambaye anaweza kupokea ujumbe wa uthibitisho na kuingia kama vile ndiye yule mama.

Taarifa binafsi, yaani jina, namba, picha na mahali shamba lilipo, ni mali yake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika nchini tarehe 1 Mei 2023, inataka taarifa zinazomtambulisha mtu zisihifadhiwe kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika kwa lengo lililokusudiwa. Akishaondoka, lengo hilo kwa sehemu kubwa limekwisha, kwa hiyo hakuna sababu ya namba yake kuendelea kuonekana kwa kila anayejiunga.

Ugumu uko kwenye maandishi. Majibu yake yote yakifutwa, swali la kijana kuhusu unga mweupe kwenye majani ya mzabibu litabaki bila jibu, na chini yake itasomeka “asante mama, imekubali”, bila mtu kujua ni dawa gani iliyokubali wala ilipigwa lini. Kwa maoni yangu, njia ya haki ni kuyaacha maandishi na kuliondoa jina. Wikipedia inafanya jambo linalokaribiana na hilo: akaunti ya mchangiaji haifutwi, kwa sababu leseni ya maandishi ya Wikipedia inadai kila mchango uwe na mwenyewe, lakini anayeondoka anaweza kuomba jina lake libadilishwe liwe lisilomtambulisha.

Hata hivyo, kuondoa jina juu ya ujumbe hakutoshi. Wenzake wamemtaja kwa jina katika majibu yao, na yeye mwenyewe huenda aliandika kwamba shamba lake liko nyuma ya zahanati ya kijiji, maneno ambayo kwa mtu wa Mpunguzi yanatosha kumtambua. Msimamizi hana budi kupitia maandishi hayo kwa macho yake, na mwenyewe aruhusiwe kuonyesha anayotaka yafutwe kabisa. Tena, walioondoka wasipewe wote jina moja, kwa sababu wawili waliokuwa wakibishana juu ya kipimo cha salfa, dawa ya ubwiriunga, wataonekana kama mtu mmoja anayejipinga. Kila mmoja apewe namba yake ya utambulisho mahali pa jina. Jina lake la zamani nalo lisigawiwe kwa mwanachama mpya.

Kwa anayejitoa kwa hasira, kipindi cha kusubiri kinasaidia; Facebook, kwa mfano, humpa mtu siku 30 za kughairi kabla ya kufuta. Kwa aliyefariki, familia ndiyo ya kuulizwa, kwa upole, kama inataka akaunti ifungwe au ibaki kama kumbukumbu.

Kunyamaza nako kusichukuliwe haraka kuwa ni kuondoka. Google yenyewe husubiri miaka 2 ya kutotumika kabla ya kuifuta akaunti ya mtu binafsi. Zabibu za Dodoma huvunwa hadi mara mbili kwa mwaka, na wapo wakulima wanaoingia mtandaoni majira ya kupogoa tu. Jumuiya ya namna hiyo ikiweka kikomo cha miezi mitatu itawafungia watu ambao bado wamo shambani. Afadhali isubiri walau mwaka mzima, kisha impigie simu mhusika kabla ya kugusa chochote.