Bingwa kupigana na bondia wa uzito mwingine: angalia maji na muda, usiangalie mkanda tu

Kila likitangazwa pambano la bingwa wa uzito mdogo kwenda kumvaa bingwa wa uzito mkubwa, sisi wa kitengo cha tiba ya michezo tunaulizwa swali lilelile, je, hii ni sawa kweli? Jibu langu ni kwamba inaweza kuwa sawa, mimi sina shida na bondia kupanda uzito, ila kuna masharti mawili ambayo mapromota hawapendi kuyasema: anayepanda apewe muda wa kuupata huo mwili, na yule mkubwa asilazimishwe kushuka. Haya mawili yakivunjwa basi hilo pambano mimi nasema lisifanyike, hata kama dunia nzima inalitaka.

Kwanza tuelewane kuhusu hizi nafasi za uzito. Ndondi za kulipwa zina madaraja 17 ya kawaida lakini hayajapangwa kwa mwachano sawa. Kule chini kabisa kutoka kilo 47.6 mpaka daraja linalofuata la kilo 49 ni kilo moja na kidogo, ila ukifika juu kutoka kilo 79.4 unaruka mpaka 90.7, yaani kilo 11 kwa hatua moja. Kwahiyo mtu akikwambia bingwa "kapanda daraja moja tu" usikubali haraka hivyo, muulize kapanda kilo ngapi na hizo kilo ni asilimia ngapi ya mwili wake.

Kilo zina kazi mbili ulingoni. Zinaongeza uzito nyuma ya ngumi, hilo kila mtu analijua, lakini pia zinasaidia kupokea ngumi, manake shingo na mabega manene ndo yanazuia kichwa kisitikisike sana konde likitua. Mdogo anaweza kuwa na kasi, anaweza kuwa na akili ya ngumi kuliko mwenzie, ila konde moja likimpata linamfikia na uzito ambao mwili wake haujauzoea. Mwaka 2016 tuliona mara mbili. Mwezi wa tano Amir Khan, aliyetoka uzito wa welta (kikomo kilo 66.7), alipanda kumvaa bingwa wa uzito wa kati Canelo Álvarez, akampa tabu raundi za mwanzo kwa kasi yake, halafu raundi ya sita akalala kwa konde moja la kulia. Mwezi wa tisa Kell Brook, bingwa wa welta ambaye hadi hapo alikuwa hajawahi kupigwa, akapanda mpaka uzito wa kati (kikomo kilo 72.6) kwa Gennady Golovkin pale London, akavunjika mfupa wa tundu la jicho na kona yake ikatupa taulo raundi ya tano. Mwaka uliofuata akarudi kilo 66.7 kupigana na Errol Spence, akavunjika tundu la jicho la upande wa pili. Ukiangalia hapo Brook alipanda madaraja mawili kisha akashuka tena yote mawili ndani ya miezi michache, na hiyo ndo inanitia wasiwasi kuliko kule kupanda kwenyewe.

Roy Jones Jr. naye mfano mzuri. Machi 2003 alipanda uzito wa juu akiwa na kilo 87.5 hivi, John Ruiz akiwa na kilo 102 na ushee, na Jones akashinda kwa pointi bila shida. Watu wanaishia hapo kwenye ushindi. Miezi minane baadaye alishuka tena kilo 79.4, akamshinda Antonio Tarver kwa tabu, waliporudiana 2004 akalala raundi ya pili na mwaka huohuo Glen Johnson akamlaza raundi ya tisa. Umri nao ulikuwa unamsogelea, siwezi kusema ni uzito peke yake, ila kuvua misuli yote ile kwa muda mfupi kunamgharimu mtu.

Sasa tuje kwenye maji, hapa naomba msomaji utulie. Mabondia wengi wanapima uzito siku moja kabla ya pambano na wengi hizo kilo za mwisho hawazitoi kwenye mafuta, wanatoa maji, sauna, nguo za plastiki, kutema mate, kutokunywa kabisa. Akishuka kwenye mizani anaanza kunywa na kula na kilo zinarudi haraka sana. Lakini kilo kurudi kwenye mizani haimaanishi mwili umerudi, damu na misuli na majimaji yanayouzunguka ubongo vinahitaji muda zaidi, na kuna mishipa midogo ya damu juu ya ubongo ambayo kichwa kikitikiswa kwa nguvu inaweza kuchanika na damu ikavujia ndani ya fuvu. Madaktari wengi wa ulingoni tunaamini mwili uliokaukiwa unaongeza hatari hiyo. Kwahiyo yule mkubwa aliyejikausha naye yuko hatarini kama mdogo.

Halafu kuna upande wa pili wa hayohayo maji. Februari 2000 Arturo Gatti na Joey Gamache walipimwa kwa pambano la kilo 64. Usiku wa pambano mizani ya kituo cha televisheni kilichorusha pambano ikaonyesha Gatti kilo 72 na nusu hivi na Gamache kama 66. Gamache alilala raundi ya pili, akapata madhara ya ubongo, hakupigana tena. Kwenye karatasi hao walikuwa uzito mmoja! Ndo maana nasema swali la madaraja peke yake halitoshi, unaweza kuwa na pambano la daraja moja ambalo kiukweli ni la watu wa uzito tofauti kabisa.

Na mkubwa akishushwa? Desemba 2008 Oscar De La Hoya alikubali kilo 66.7, uzito ambao hakuwa ameupigania tangu 2001, ili akutane na Manny Pacquiao aliyekuwa anapanda. Wengi walimwonea huruma Pacquiao. Aliyebaki kwenye kiti akashindwa kuendelea baada ya raundi ya nane ni De La Hoya, hana miguu, hana ngumi.

Uzito wa juu ni habari nyingine kidogo kwa sababu hauna kikomo, Desemba 2024 Oleksandr Usyk mwenye kilo 102 alimshinda Tyson Fury wa kilo 127. Tofauti ni kubwa mno lakini hakuna aliyelazimika kujikausha, wote wanaingia wakiwa na maji yao, na Usyk alishakaa uzito ule miaka kadhaa. Terence Crawford naye Septemba 2025 alipanda kutoka kilo 69.9 mpaka 76.2 akampiga Canelo kwa pointi, ila alikuwa na zaidi ya mwaka hajapigana, mwili ulipata muda wa kujengeka.

Kwahiyo ukisikia pambano la namna hii, uliza kama kuna mizani ya pili. Shirikisho la IBF, moja ya yale yanayotoa mikanda ya ubingwa, kwa miaka mingi lilikuwa linapima tena asubuhi ya pambano la ubingwa na bondia hakutakiwa kuzidi kikomo kwa zaidi ya kilo 4.5, WBC, shirikisho lingine la aina hiyo, nao wanapima siku 30, 14 na 7 kabla ili wajue nani anashuka ghafla. Uliza pia huyo anayepanda ameanza kubeba huo uzito lini. Makocha nawaomba haya myaulize kabla bondia hajasaini, manake akishasaini na tiketi zikauzwa, daktari akisema hapana hakuna anayetaka kumsikiliza.