Mwacheni mzee apumue, msimpige laminesheni

Kazi yangu ni kuhifadhi nyaraka za zamani. Wiki iliyopita nimeitwa Magomeni. Familia imesajili taasisi ya kumuenzi babu yao, kiongozi wa tawi katika chama cha watumishi wa majumbani na mahotelini: maboi, wapishi, madobi, wale waliogoma Dar Desemba 1956. Nimekaribishwa chai na vitumbua, mjukuu akaja na faili jeusi la karatasi za babu, meno yote nje.

"Dada, wewe kazi yako imeisha. Zote tumezipiga laminesheni."

Hii ni familia ya nne mwaka huu. Kitumbua kiligoma kushuka.

Laminesheni inazuia vidole, chai na mate. Kinachoua karatasi za miaka ile haikizuii, kwa sababu kimo ndani ya karatasi. Vipeperushi vya vyama vilichapwa kwa stensili kwenye karatasi za bei ya chini, mti uliosagwa tu na lignini yake yote, ile gundi ya asili inayoshika nyuzi za mti. Asidi inazaliwa humo humo. Ukiifunga kwa plastiki pande zote, umemfungia mgonjwa chumba kimoja na ugonjwa wake. Tena mashine ina joto kuliko maji yanayochemka: gundi inayeyuka, inaingia kwenye nyuzi za karatasi, inakaa humo. "Si itabanduliwa?" Kwa viyeyusho, labda, na mara nyingi wino wa muhuri unatangulia kuondoka.

Lakini kilichoniuma ni kadi. Kadi ya uanachama, 1956, inayofunguka kama kitabu, ndani mna visanduku vya kubandika stempu za ada mwezi kwa mwezi. Wameipiga ikiwa imefungwa! Jalada linang'aa, jina la mzee linasomeka vizuri, basi wakaridhika. Nimepitisha kidole juu ya plastiki, nikausikia uvimbe wa stempu. Ni ngapi? Miezi ya baada ya mgomo alilipa, au mfuko ulikuwa mtupu? Mtu akitaka kujua mgomo ulivyomla mpishi wa Oysterbay, jibu liko kwenye visanduku hivyo, wala haliko kwenye picha ya mzee amevaa suti. Kila taasisi ya familia inanionyesha suti kwanza.

Na msiniambie nakala zipo ofisini kwa chama. Baada ya uasi wa jeshi wa Januari 1964 viongozi wengi wa vyama walikamatwa, TFL, shirikisho la vyama vya wafanyakazi Tanganyika, ikafutwa, ikaundwa NUTA, chama kimoja cha wafanyakazi wote. NUTA ikaja kuwa JUWATA, JUWATA ikawa OTTU. Ofisi ikihama, makabati hayahami yote. Ndiyo maana naheshimu masanduku ya chuma ya chini ya vitanda.

Cha kufanya ni kifupi. Mfuko wa poliesta (si kitambaa, ni plastiki angavu) ulio wazi pembeni, si plastiki ile laini inayonuka mpira. Boksi lisiguse sakafu wala ukuta, mchwa wa Dar hawabishi hodi. Mnataka kutundika sebuleni? Pigeni picha, chapeni nakala, nakala hiyo mkaipige laminesheni hata mara tatu.

Sasa aibu yetu. Mchezo huu tuliuanza sisi watu wa nyaraka. William Barrow, Marekani, tangu miaka ya 1930 alikuwa akibana nyaraka ndani ya asetati ya selulosi, aina ya plastiki, kwa joto, na taasisi kubwa zikamfuata kwa miongo. Kwa hiyo nikimkaripia kijana wa Magomeni, nusu ya karipio ni yangu.

Halafu kuna mafuriko ya Desemba 2011. Nyumba moja bonde la Msimbazi, sanduku moja, maji yakaingia. Karatasi nilizozipanga mwenyewe kwenye bahasha, kwa kanuni zote, zikawa uji. Cheti cha mzee kilichopigwa laminesheni kikafutwa kwa kanga, kikarudi ukutani. Bi mkubwa akanitazama: "Mwanangu, sasa mtaalamu hapa nani?" Nilimpa maelezo marefu. Hakuridhika, na mimi pia sikuridhika.

Jana usiku yule mjukuu kanitumia ujumbe: wamepata bahasha nyingine, picha za mkutano Mnazi Mmoja na daftari la ada, steshenari inafungua saa mbili asubuhi, je azipeleke?

Saa moja kasoro nilikuwa kwenye bodaboda.