Pikapu inamisi: maana ya misi inayokuja na kuondoka

Hapa Nakuru ukimwambia fundi "pikapu inamisi," hahitaji kuuliza zaidi ili akuelewe. Kumisi ni silinda kuruka zamu yake ya kuwaka. Injini ya zamani ya silinda nne, kama ya Datsun 1200 au Peugeot 504, huwasha silinda zake kwa zamu, mara nyingi 1-3-4-2. Ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, kila silinda huwaka mara 1,500, yaani mara 25 kwa sekunde. Zamu ikirukwa unaihisi mgongoni kabla ya kuisikia: gari linashtuka kama mtu aliyekosa kidato cha ngazi gizani.

Misi ya kudumu haisumbui sana. Unachomoa waya za plagi (vifaa vinavyotoa cheche ndani ya silinda) mojamoja kwa koleo lenye mpira, injini ikinguruma polepole. Ukichomoa waya na mngurumo usibadilike, silinda hiyo ndiyo iliyolala. (Usijaribu hivyo kwenye gari la kisasa lenye kompyuta, utaunguza vitu vya bei.) Kisha badilisha plagi yake na ya jirani, uone kama ugonjwa utaifuata.

Inayomaliza pesa za watu ni ile inayokuja na kuondoka. Ukifika gereji imetulia. Fundi anabahatisha: plagi mpya, wiki ijayo koili inayokuza umeme wa betri, halafu kabureta inayochanganya petroli na hewa inafunguliwa. Lakini misi ya namna hii ina sharti lake, na kabla ya kuuliza ni kitu gani kimeharibika, uliza inakuja lini.

Ikiwa ni asubuhi yenye ukungu Molo, na ukifika Salgaa imepona, shuku unyevu. Kifuniko cha distribyuta, kifaa kinachogawia plagi umeme, kikiwa na ufa mwembamba kama unywele, umeme wa maelfu ya volti hufuata maji na uchafu badala ya kwenda kwenye plagi. Egesha usiku mahali penye giza, washa injini, fungua boneti utazame bila kugusa. Vicheche vya bluu vitakuonyesha umeme unatorokea wapi.

Ikiwa inaanza baada ya nusu saa ya joto la Kisumu, na ukipumzisha gari inapotea, tazama koili na kondensa (kikopo kidogo kinachosaidia koili kutoa cheche). Pima moto, yaani umeme, palepale injini ikiwa bado inachoma, maana ikipoa ushahidi umekwenda. Ikiwa inakuja tu ukipanda Mau Summit na magunia ya viazi, huenda mwanya wa plagi umepanuka, kwa kuwa hewa iliyobanwa sana hudai umeme wenye nguvu zaidi ili cheche iruke. Huenda pia filta ya petroli imeziba. Mara nyingi petroli ikipungua gari hulegea polepole, lakini umeme hukata ghafla.

Pikapu yangu ilinifundisha sharti lingine. Ikisimama ilinguruma vizuri kabisa. Nikikanyaga mafuta kidogo kuondoka kwenye tuta, inakohoa mara mbili tatu, halafu kimya. Nilinunua plagi, nikanunua koili, kabureta ikaoshwa mara mbili. Mwishowe fundi mmoja mzee aliniuliza swali moja tu: "Inakohoa ukikanyaga, au hata ukiiacha?" Nikamwambia nikikanyaga.

Akafungua kifuniko cha distribyuta, akachomoa kimpira kinachotoka kwenye kabureta, akakifyonza kwa mdomo. Ndani, sahani inayobeba pointi (swichi ndogo inayokata na kuunga umeme wa koili) ikajizungusha kidogo. Sahani hiyo huzunguka hivyo ukikanyaga mafuta kidogo, ili cheche iwahi. Akanionyesha kiwaya kinachoingia kwenye pointi, hakizidi urefu wa kidole. Nje plastiki yake ilikuwa nzima. Alipokivuta taratibu, kikarefuka kama mpira, kwa sababu shaba ya ndani ilikuwa imekatika. Sahani ikitulia, ncha mbili zinagusana na moto unapita. Ikisogea, zinaachana.

Aliweka kiwaya kipya chenye nyuzi nyingi laini, si ule mgumu wa umeme wa nyumba, kwa kuwa sahani hiyo hucheza kila unapokanyaga, na waya mgumu ungekatika tena palepale.