Saa imesema umechoma kalori 400, sasa uzile au uziache?

Hili swali kitengo chetu cha lishe tunaulizwa karibu kila wiki na linakuja vilevile. Mtu yuko kwenye dayati, amejipangia kalori 1,500 kwa siku, jioni katoka mazoezini jasho linamtoka, saa ya mkononi inamwambia umechoma 400, na ile apu ya simu anayoandikia chakula nayo inampongeza kwamba leo una 1,900. Sasa anauliza hizo 400 nizile au nisizile, na wakati anauliza tumbo linanguruma kwa hiyo jibu analotaka kulisikia wote tunalijua.

Mimi simjibu kwanza, namuuliza, hiyo 1,500 uliitoa wapi? Wengi hapo wananyamaza. Wengine wanasema apu ndo ilinipa, wengine shoga yangu anatumia hiyohiyo na amepungua. Shida yote inaanzia hapo, maana huwezi kujua kama mazoezi uyaongezee chakula au la kama hujui kwenye hiyo namba mazoezi yameshahesabiwa au bado.

Ngoja nieleze namba hizi zinavopatikana, sio ngumu. Kanuni inayotumika sana inaitwa Mifflin-St Jeor, ni ya mwaka 1990. Unachukua uzito kwa kilo unazidisha mara 10, unaongeza urefu kwa sentimita mara 6.25, unatoa umri mara 5, halafu mwanamke anatoa 161 na mwanaume anaongeza 5. Mwanamke wa kilo 80, urefu sentimita 165, miaka 35, anapata kama 1,495. Hizo ndo kalori mwili unatumia hata akilala siku nzima anaangalia dari, moyo kupiga, ini, ubongo, kupumua, joto la mwili. Baada ya hapo unazidisha kulingana na maisha yake, mtu wa kukaa tu unazidisha 1.2, anayefanya mazoezi ya wastani siku tatu mpaka tano kwa wiki unazidisha 1.55. Kwa huyu mama, hesabu ya kwanza inakuja 1,794, ya pili inakuja 2,317. Angalia hiyo tofauti, ni zaidi ya kalori 500 kila siku, na hiyo tofauti ndo mazoezi yenyewe na pilikapilika zake, yameshaingizwa humo.

Kwa hiyo mtu akichagua 1.55 akatoa 500 ili apungue anabaki na kama 1,800, na hapo mazoezi yake ameshayala, yameshalipwa. Akija jioni akaongeza tena zile 400 za saa amechukua mshahara mara mbili kwa kazi moja. Upungufu wake wa 500 umebaki 100, na 100 hiyo inamalizwa na mafuta ya kupikia, kijiko kimoja kikubwa cha mezani kina kama kalori 120, kijiko ambacho mtu hata haandiki kwenye apu. Mwezi unaisha mizani haijasogea analalamika mwili wake mbishi.

Ila kama alichagua 1.2, ya mtu wa kukaa, akatoa 500 akabaki na kama 1,300, huyu mazoezi yake hayajahesabiwa popote, na huyu ana haki ya kuuliza hilo swali. Sasa tubaki na huyu.

Kitu cha kwanza usiamini ile namba ya saa. Sisemi saa ni mbovu, kuhesabu mapigo ya moyo nyingi zinaweza vizuri tu. Mwaka 2017 watafiti wa chuo kikuu cha Stanford Marekani walijaribu vifaa saba vya mkononi kwa watu 60, sita kati ya hivo saba vilikosea mapigo ya moyo kwa chini ya asilimia 5, safi kabisa, lakini kwenye kalori kile kilichofanya vizuri kuliko vyote kilikosea kwa wastani asilimia 27 na cha mwisho asilimia 93. Asilimia 93! Hiyo ni kubahatisha tu. Mimi mwenyewe niliwahi kuvaa mbili, moja kila mkono, nikatembea njia ileile kwa miguu ileile, moja ikasema 310 nyingine 470. Saa haioni kalori, inaona moyo unaenda mbio na mkono unatikisika basi inakadiria, na moyo unaenda mbio kwa joto, kwa kahawa, kwa hasira, kwa kukosa usingizi.

Halafu kuna jambo watu wengi hawalijui kabisa, ile namba mara nyingi ina ndani yake kalori ambazo ungezitumia hata kama ungekaa kwenye kochi. Kutembea kwa kawaida, kama kilomita 4.8 kwa saa, kunatumia mara tatu na nusu ya mwili uliotulia, na mwili uliotulia unatumia kama kalori moja kwa kila kilo kwa saa. Kwa hiyo mtu wa kilo 80 akitembea saa nzima anatumia 280, lakini 80 kati ya hizo angezitumia akiwa amekaa, na zimeshahesabiwa kwenye ile 1,495 ya juu. Faida halisi ya kutembea ni 200. Wanaotumia mashine ya kukimbilia jimu nao, ukiishikilia ile mikono ya pembeni unapunguza kazi lakini skrini haijui, inaendelea kukuhesabia tu.

Kuna la tatu, hili mimi ndo linanifurahisha zaidi kitaalamu. Mwili unabana matumizi. Mwaka 2012 Herman Pontzer na wenzake walitoa utafiti walioufanya kwa Wahadzabe wa kaskazini mwa Tanzania, watu wanaowinda na kuchimba mizizi, wanatembea sana kila siku. Waliwapima kwa maji maalumu yenye alama ambayo mtu anakunywa halafu mkojo wake unapimwa, ndo njia ya uhakika zaidi ya kujua mtu ametumia kalori ngapi kwenye maisha yake ya kawaida. Kila mtu alitegemea watakuwa wanachoma moto mkubwa kuliko wafanyakazi wa ofisini Marekani na Ulaya, kumbe ukishaweka sawa ukubwa wa mwili, kwa siku wanatumia karibu sawasawa. Halafu 2021 ukaja uchambuzi wa watu wazima 1,754 uliopima kubana huko, wastani ukawa asilimia 28, yani kwa kila kalori 100 za ziada ulizochoma kwenye mazoezi, kwenye hesabu ya siku nzima zinaonekana 72 tu, na kwa watu wenye mafuta mengi mwilini kubana kulikuwa kukubwa zaidi. Zinaenda wapi hizo 28? Nyingine unazilipa bila kujua, ukitoka mazoezini unakaa zaidi, unatuma mtoto akuletee maji, miguu haitikisiki tena chini ya meza, na nyingine inaonekana mwili unapunguza kazi zake za ndani, hapo wataalamu bado wanavutana.

Haya turudi kwa yule wa kilo 80 aliyetembea saa moja. Saa imemwambia 350 mfano. Halisi ni 200, ukitoa na hiyo ya kubana unabaki na kama 144. Soda ya kawaida ya mililita 330 ina kama kalori 140. Yani ile soda aliyoinunua njiani akirudi, ya kujipongeza, ndo imemaliza kila kitu, na yeye bado anaamini ana 350 mfukoni anasubiri chakula cha usiku.

Ongeza na makosa yetu ya kibinadamu kwenye kuandika chakula. Mwaka 1992 kuna utafiti maarufu ulichapishwa Marekani kwenye jarida la New England Journal of Medicine, wa watu waliosema wanakula chini ya kalori 1,200 na hawapungui. Walipopimwa ikaonekana chakula wanachosema wanakula kilikuwa pungufu kwa asilimia 47 na mazoezi waliyasema kwa kuyazidisha asilimia 51. Na umetaboli wao, yani namna mwili unavotumia kalori, ulikuwa mzima tu. Hawakuwa waongo jamani, naomba hilo lieleweke, ni vile binadamu anakumbuka sahani anasahau kuonja jikoni na mabaki ya mtoto.

Kwa hiyo msimamo wangu. Kama mazoezi ni ya kawaida, kutembea, kukimbia nusu saa, darasa la aerobiki, chini ya saa moja hivi, usiongeze chakula, yaache yafanye kazi yake. Ukibanwa na njaa ya kweli kula kitu kidogo chenye protini, yai, maziwa, maharage, kuliko kuvumilia mpaka saa nne usiku ukavamia jikoni, maana hapo hutakula 150 utakula 900. Kama mazoezi ni magumu na marefu, zaidi ya saa moja, jasho la kweli, rudisha nusu ya namba ya saa, isizidi hapo. Hiyo nusu sio sheria ya mahali popote, ni makadirio, ila ukipiga hesabu kama ile ya juu utaona mara nyingi hata nusu ni ukarimu.

Lakini kuna watu ambao nikiwaona simwambii mtu aache kula, namwambia kale, tena leo. Anayejiandaa na marathoni, anayecheza mpira wa ushindani, anayebeba mizigo kutwa na jioni anaenda jimu, na wale wasichana wembamba ambao hata hawana cha kupunguza. Kwa hao tunaangalia kalori zinazobaki kwa ajili ya mwili baada ya kutoa za mazoezi, zikishuka chini ya 30 kwa kila kilo ya mwili ukishatoa mafuta, siku baada ya siku, mwili unaanza kuzima taa. Chukua mwanamke wa kilo 60, toa mafuta anabaki kilo 45, mara 30 ni 1,350. Akila 1,500 na akachoma 600 kwenye mazoezi amebaki na 900, yani 20 kwa kilo. Huyu atapungua, tena haraka, na atafurahi wiki za mwanzo, halafu hedhi inavurugika au inakata kabisa, anasikia baridi muda wote, usingizi mbovu, hasira za ajabu, nywele zinadondoka, mifupa inapata nyufa ndogondogo kwa kukimbia tu. Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki mwaka 2014 iliipa hali hii jina, RED-S, yani upungufu wa nishati kwa wanamichezo, na wanaume nayo inawapata, wao dalili ya mapema mara nyingi ni hamu ya tendo la ndoa kupotea. Ukiona hedhi imekata miezi mitatu na huna mimba usisubiri ushauri wa apu, nenda hospitali.

Sasa utajuaje kwa mwili wako wewe kama uongeze au usiongeze? Mizani, lakini uisome kwa akili. Jipime asubuhi baada ya kutoka msalani kabla hujala, siku kadhaa za wiki, chukua wastani wa wiki, linganisha wastani na wastani, sio jana na leo. Subiri wiki nne. Ukianza mazoezi mapya misuli inashika maji, na kila gramu ya wanga unaohifadhiwa kwenye misuli inakaa na kama gramu tatu za maji, kwa hiyo unaweza kupanda kilo nzima wiki ya kwanza wakati mafuta yanapungua, na wanawake karibu na hedhi ni hivohivo. Kalori 7,700 ndo kama kilo moja ya mafuta ya mwilini, hivo upungufu wa 500 kwa siku unatoa karibu nusu kilo kwa wiki mwanzoni, halafu kasi inapungua kadiri unavokuwa mwepesi, hiyo ni kawaida. Ukiona unashuka zaidi ya kilo moja kwa wiki mfululizo na umechoka, ngazi zinakushinda, ongeza 150 au 200 siku za mazoezi. Ukiona wiki nne wastani umesimama palepale na ulikuwa unarudisha kalori, acha kurudisha, usiguse kitu kingine chochote, halafu angalia tena baada ya wiki tatu.

Na kama kila ukila unahisi lazima ukakimbie kulipia, au unaogopa kula siku usiyofanya mazoezi, weka pembeni hizi hesabu zote njoo tuongee, hapo tatizo sio kalori tena.

La mwisho ni kwa wenye kisukari wanaotumia insulini au vile vidonge vinavyolisukuma kongosho litoe insulini. Kwenu hili swali jibu lake ni tofauti kabisa, mazoezi yanashusha sukari na yanaweza kuendelea kuishusha masaa mengi baadae, hata usiku umelala, na ukichanganya na kula kidogo unaweza kuanguka. Pima kabla na baada, tembea na kitu cha sukari mfukoni, na sukari ikishuka chini ya 4 mmol/L unakula hapohapo bila kuangalia umebakiwa na kalori ngapi. Kabla hujaanza kupunguza chakula ongea na daktari anayekuandikia hizo dawa, kuna uwezekano dozi ndo inatakiwa ipungue kwanza.