Mooney imefufuka? Kwanza nionyeshe springi

"Shikamoo fundi. Umesikia Mooney wamefufuka?"

Marahaba. Nimesikia habari za hao waundaji wa ndege ndogo wa Marekani, na nimechoka kusikia. Juzi simu hiyo ilinikuta nimelala chali chini ya ndege ya mteja, tochi mdomoni. Nikajibu "mmh" mara tatu, kisha nikaapa kwamba hii sasa naiandika, ili wa kesho nimtumie kiungo niendelee na kazi yangu.

Mpigaji ni kijana wetu, yuko Dallas, ana leseni ya urubani na ameona M20J, ndege ndogo ya Mooney, ya mwaka 1990 kwa bei iliyomnyima usingizi. Hesabu yake ni hii: kiwanda kilikufa, bei zikashuka, sasa kimepata mwenyewe, spea zitamwagika, bei zitapanda, kwa hiyo anunue leo. Mwaka 2014 mtu mwingine aliniambia hivyohivyo. Naye alikuwa na haraka.

Historia naipitia mbio, maana inajirudia. Mooney wako Kerrville, Texas, tangu 1953. M20 za kwanza, zenye bawa la mbao, zilitoka 1955. Jumla ya ndege zote walizounda imepita 11,000. Wakafilisika 2001, wakanunuliwa, wakafilisika tena 2004, wakainuka. Novemba 2008 uundaji ukakoma. 2013 wakaja wawekezaji wa China, 2014 ndege zikaanza tena kutoka, Novemba 2019 wafanyakazi wakaambiwa wabaki nyumbani. 2020 wakanunua marubani wenyewe, wapenzi wa Mooney, na walichotanguliza ni spea na huduma kwa ndege zilizopo. Kampuni ina roho ya paka, ila kila paka huyu akianguka anaamka amekonda zaidi.

Sasa tuje kwenye kinachonikera. Watu wakisikia "kiwanda kimenunuliwa" wanaona jengo, taa zinawashwa, ndege zinatoka mlangoni kama mikate. Kinachonunuliwa hasa ni cheti cha aina, pamoja na michoro na majigi, yaani fremu za kushikilia vipande wakati wa kuunda. Cheti cha aina ni karatasi inayosema FAA, mamlaka ya anga ya Marekani, waliukubali muundo huu. Hakifi kampuni ikifa. Unaweza kukifungia kabatini miaka kumi, ukakitoa, bado kina nguvu. Ndiyo maana M20 zilizokuwa zikiruka kiwanda kikiwa kimefungwa zilikuwa zinaruka kihalali kabisa, na anayekuambia ndege "imekufa na kiwanda chake" mwambie apunguze sauti.

Cheti cha uzalishaji ni kitu kingine kabisa! Hicho kinasema ninyi, mlio hapa, kwa taratibu zenu hizi, mnaweza kuurudia muundo huo ndege baada ya ndege bila kukosea. Hakikai kabatini hicho. Kinakaa mikononi mwa watu. M20 ina kizimba cha mabomba ya chuma kilichochomelewa, kimezungushiwa bati la alumini, na bawa moja refu lenye matangi ndani yake. Kila kitu ni mkono. Aliyepiga rebeti na kuziba matangi hayo miaka ishirini akirudishwa nyumbani, hakungojei. San Antonio haiko mbali na ndege za kutengeneza ziko nyingi. Ukifungua tena unao mchoro, huna mtu anayejua pale ambapo mchoro unadanganya. Nawaambia, michoro ya zamani inadanganya.

Na hata ukiwapata watu, Acclaim Ultra, moja ya modeli zao za mwisho, ilikuwa inauzwa zaidi ya dola 700,000. Kwa pesa hizo mnunuzi anaingia kwa washindani wao Cirrus, anapata kabini pana na parachuti, na mkewe anakubali kupanda. Mooney ina mbio kuliko zote katika kundi lake, haki yake tumpe. Mbio hazijawahi kulipa mishahara Kerrville.

Lipo na suala la sheria ya Marekani ya 1994, ile iliyowaondolea waundaji kesi za ndege ndogo zilizopita miaka 18, na iliyowafanya Cessna warudi 1996 kuunda ndege za pistoni walizoacha 1986. Watu huisahau nusu ya pili: kipuri kipya kikifungwa, kipuri hicho kinaanza miaka 18 yake upya. Kwa hiyo kampuni inayouza spea tu, bila ndege mpya hata moja, kila siku inajiongezea hatari ya kushtakiwa.

Twende kwenye springi niliyoitaja juu. Kwenye M20 zenye aktueta ya Eaton, yaani kifaa cha mota kinachokunja na kushusha magurudumu, ndani kuna springi ndogo ya koili inayozuia mota isirudi nyuma. Inakaa kiganjani na nafasi inabaki. Ikikatika inaweza kuisakama aktueta yote, na njia ya dharura ya kushusha magurudumu nayo haifui dafu. Unatua kwa tumbo. Maelekezo yanasema ibadilishwe kila saa 1,000. Safi. Na springi zikiadimika, kama zilivyowahi kuadimika? Kanuni ya FAA ya 21.9 inamruhusu mwenye ndege kujitengenezea kipuri cha ndege yake, lakini lazima ashiriki kweli: alete mchoro, au achague malighafi, au asimamie ubora. Kunilipa na kwenda kunywa kahawa si kushiriki. Halafu springi hii, joto la kukomaza chuma chake likikosewa kidogo tu, kwa macho inafanana kabisa na nzima.

Hapa nikiri. Nimewahi kuishika springi ya saa 1,300, nikaisafisha, nikaiangalia kwa lenzi, nisione chochote. Nikakataa kuisaini. Mwenye ndege alikasirika, na sina ushahidi kwamba nilikuwa sahihi. Pengine ingekwenda saa 3,000. Pengine kipimo hicho cha 1,000 ni tahadhari ya mwanasheria kuliko ya mhandisi. Sijui, na sitaki kujulia kwenye ndege ya mtu.

Basi kwangu uhai wa Mooney unapimwa hapo: napiga simu Kerrville kuulizia springi, duru za raba za kupunguza mshtuko wa magurudumu (kila ndege inataka 11) au bawaba ya mkia, naambiwa siku ngapi? Wakijibu kwa wiki, kiwanda ki hai, hata kama hakijatoa ndege mpya. Wangetangaza modeli mpya maonyeshoni huku jibu likiwa "tutakupigia", ningefunga mlango wa hanga nikalale.

Kijana nimemwambia asilipe hata senti. Jumamosi anakuja nayo muuzaji. Tutang'oa viti na paneli za pembeni, maana sponji za ukutani hufyonza maji ya madirisha yanayovuja na kuyaegemeza kwenye mabomba ya kizimba. Nitachokonoa kwa bisibisi kutafuta kutu. Nimemwambia aje na nguo za kuchafuka, akaniuliza kama rangi ya ndege inaweza kubadilishwa.