Kitako cha Bakuli: Yanayosemwa na Yalivyo

Siku moja mama mmoja alinirudishia bakuli la mninga nililomuuzia miezi miwili kabla. Halikuwa na ufa wala doa. Aliliweka juu ya meza, akagusa ukingo kwa kidole kimoja, likaanza kuyumba: ko, ko, ko. “Mwanangu, hili bakuli au ngoma?” Nikalipindua. Chini nilikuwa nimechora nyota ya ncha nane, na siku ninalitoa mashineni kitako kilikuwa bapa kama kioo. Kosa lenyewe lilikuwa huo ubapa.

Mtwara haina upungufu wa wachongaji. Ukipanda kutoka Mikindani hadi Newala hukosi mtu mwenye tezo na patasi. Wanaokereza bakuli, yaani kulichonga likizunguka mashineni, ndio wachache, na mafundi wakiwa wachache maneno huwa mengi. Mengine niliyaamini mwenyewe kwa miaka.

“Kitako kizuri ni kilicho bapa”

Mbao haitulii kwa sababu imeshakuwa bakuli. Ikikauka hupungua, na haipungui sawa pande zote: kwa kufuata mviringo wa pete za mti hupungua takriban mara mbili ya inavyopungua kuelekea kwenye moyo, na kwa urefu wa nyuzi karibu haipungui kabisa. Ndiyo maana bakuli lililokerezwa bichi huwa na umbo la yai. Kitako nacho hujikunja. Kikivimba katikati kwa unene wa kadi ya simu tu, bakuli zima linakaa juu ya nundu.

Dawa yake ni kukikereza kitako kiwe na bonde dogo, milimita moja au mbili katikati, ili bakuli likae kwenye duara la nje. Simamisha rula kwa ukingo wake katikati ya kitako, uinue bakuli usawa wa macho: ukiona mwanga unapita chini ya rula katikati, na pembeni imegusa, umefika. Mbao ikiwa mbichi, kereza mara mbili. Mara ya kwanza acha ukuta wenye unene wa sehemu ya kumi ya kipenyo, yaani bakuli la sentimita 30 libaki na sentimita 3, uliweke kivulini miezi kadhaa lijikunje linavyotaka, kisha ulimalize.

Na hapo ndipo nakshi inapata kwao. Ikiwa ndani ya bonde haigusi meza, haisuguliwi kila siku, haifutiki. Nyota yangu ilikuwa juu ya uso ulioburuzwa mezani miezi miwili, ncha tatu zilishaanza kupotea.

“Nakshi ya chini ni ya kufichia matundu ya skrubu”

Dhana hii ina chanzo. Wengi tulianza kwa kufunga gogo kwenye kisahani cha chuma kwa skrubu nne, na kazi ikiisha matundu manne yanakutazama. Wengine huziba kwa unga wa mbao na gundi, wengine hubandika kitambaa. Kitambaa sikipendi: kinashika unyevu, wadudu wanapata nyumba, na mnunuzi mjanja anajiuliza kuna nini nyuma yake.

Fundi anayejua hulipindua bakuli. Anakereza kizibo cha mbao kinachoingia kinywani mwake, analibana kwa ncha ya nyuma ya mashine, anatoa kitako chote isipokuwa chuchu ndogo pale ncha iliposhika. Chuchu anaikata kwa patasi, anamalizia kwa msasa wa mkono. Hakuna tundu la kuficha, kwa hiyo nakshi inawekwa kwa kuwa inapendeza, basi.

“Mistari ikiwa mingi ndiyo ufundi”

Nilishawahi kupiga pete tisa chini ya bakuli la mwembe. Pete ya saba niliposikia mlio umebadilika, umekuwa wa juu na mwembamba, sikusimama. Ya tisa bobari, ile patasi yenye kinywa kilichopinda, ikatokea upande wa pili. Bakuli likawa faneli. Kila mfuo unakula unene, na kwenye kitako huuoni unene kwa macho. Lazima upime kina cha ndani, upime kimo cha nje, utoe, ndipo ujue una milimita ngapi za kuchezea.

Siku hizi naweka pete mbili, tatu nikiwa na furaha. Natia alama kwa ncha ya patasi mbao ikizunguka, mfuo mwembamba tu. Kisha nachukua kibanzi cha mpingo, ukingo wake nimeuchonga kama kisu, nakikandamiza ndani ya mfuo. Sekunde chache moshi unatoka, kuna harufu ya sukari iliyoungua, na nikiondoa mkono pamebaki mstari mweusi mwembamba kama uzi. Mpingo ni mgumu kuliko mninga, kwa hiyo msuguano unaunguza mninga kwanza. Wengine hutumia waya kuunguza mistari ya ubavuni. Waya ufunge kwenye vishikio viwili vya mti, usiuzungushe kidoleni hata kidogo. Ukinaswa mashineni unaondoka na kidole.

Kuna wanaosema pia kwamba bakuli la mashine si kazi ya mikono. Mashine inazungusha gogo. Bobari ameishika nani?

“Mafuta yoyote yanafaa, chini hakuliwi”

Anayeosha bakuli anashika chini, na bakuli likipangwa juu ya jingine kitako kinagusa ndani ya mwenzake. Mafuta ya nazi hayadhuru, ila hayakauki. Kitako kitabaki na utelezi na kukusanya vumbi. Mafuta ya kitani hukauka kwa hewa na kuwa ngozi ngumu, lakini tambara ulilopakia litandaze nje likauke. Ukilikunja ukalitupa kwenye randa za mbao, linaweza kupata joto na kuwaka lenyewe.

La hatari zaidi ni letu wenyewe: mafuta meusi ya ganda la korosho. Kwenye nguzo, kuzuia mchwa, sina neno. Lakini aliyebangua korosho kwa mkono anajua vidole vinavyobabuka. Kijana mmoja alinipa bakuli alilolipaka kitako kwa mafuta hayo mabichi, likang’aa vizuri sana, na mimi nikakaa wiki nzima na viganja vinavyowasha.

“Kuandika jina chini ni majivuno”

Kauri za China, ambazo vigae vyake vimefukuliwa Kilwa Kisiwani, nyingine huwa na alama ya enzi ya mfalme chini ya kitako. Desturi hiyo si ya jana. Kwa mpingo kuna sababu nyingine: tangu Januari 2017 karibu jamii yote ya miti ya Dalbergia, mpingo ukiwamo, imo kwenye orodha ya pili ya mkataba wa CITES wa biashara ya viumbe pori. Mwishoni mwa 2019 bidhaa zilizokamilika zisizozidi kilo 10 za mti huo kwa mzigo mmoja zilisamehewa vibali vya CITES. Mgeni akiulizwa forodhani amebeba mti gani, chini ya bakuli pakiwa pameandikwa, ana pa kuanzia. Vibali vya misitu vya hapa nyumbani ni habari nyingine.

Mimi naandika jina la mti, mwaka na herufi zangu mbili. Napaka mafuta kwanza, yakishakauka ndipo naandika. Ukiandika kwenye mbao isiyopakwa mafuta wino unakimbia na nyuzi, herufi zinaota ndevu.

Mama yule nilimpa bakuli jingine. Lile la kwanza nililichimba kitako kwa patasi na msasa, nyota ikaondoka yote. Limetulia sasa. Nawekea skrubu.